Mvua ya kwanza, ardhi tupu: jinsi udongo wa kusini unavyohama

Mkulima wa Masasi au Nachingwea, kusini mwa Tanzania, ukimuuliza ni mvua ipi inayomharibia shamba, usishangae asipoitaja ile ya Machi inayonyesha mchana na usiku. Atataja ya mwanzo, ya mwishoni mwa Novemba au Desemba, inayoingia alasiri na upepo na radi, inapiga nusu saa, inakata, na jua linatoka tena kana kwamba hakuna kilichotokea. Maji ya Machi ni mengi zaidi. Ila ya Desemba ndiyo yanayochimba njia, yanayoziba makalavati kwa mchanga na kuacha mizizi ya mikorosho ikiwa nje.

Ukifuata jumla ya mvua ya mwaka peke yake, jambo hilo halieleweki. Lindi na Mtwara si jangwa. Sehemu kubwa ya mikoa hii hupata kati ya milimita 800 na 1,100 kwa mwaka, wakati London, mji unaosifika kwa mvua, hupata kama 600. Tofauti ni kwamba za London hunyunyiza mwaka mzima, zetu zinakuja zote kati ya Novemba na Mei mwanzoni, tena sehemu nzuri ya hizo hushuka katika dhoruba chache. Kuanzia Juni hadi Oktoba ardhi inakauka, nyasi zinakufa, moto unapita. Kwa hiyo mvua ya kwanza inapofika inakuta nchi kavu kweli, hata kama kwenye ramani ya mvua hatuhesabiki hivyo. Na kwa upande wa mmomonyoko, kile mvua inachokikuta chini kina uzito kuliko idadi ya milimita zinazoshuka.

Tuanze na tone lenyewe. Tone la manyunyu lina kipenyo cha nusu milimita hivi na hushuka kwa kasi ya mita 2 kwa sekunde. Tone kubwa la mvua ya radi linafika milimita 5, na kasi yake ni karibu mita 9 kwa sekunde, zaidi ya kilomita 30 kwa saa, yaani mwendo wa bodaboda anayekatiza mitaani. Kwa kuwa kipenyo kimeongezeka mara 10, uzito umeongezeka mara 1,000. Tone la aina hiyo likigonga udongo mtupu linaupasua. Punje zinaruka juu pamoja na maji na kutua pembeni, na kama uwanja una mteremko, nyingi zinatua upande wa chini.

Ushahidi uko kwenye kuta. Tazama nyumba yoyote ya miti na udongo isiyo na baraza, baada ya mvua mbili tatu. Kuanzia chini hadi usawa wa goti kuna mkanda wa matope mekundu uliorushwa na matone, hakuna mtu aliyeupaka. Nyumba ikiwa imekaa miaka mingi, utaona na jambo la pili: msingi uliokuwa umefukiwa sasa uko juu, na kizingiti cha mlango kinataka ngazi. Nyumba haikupanda. Uwanja umeshuka, kidogo kidogo, kwa sababu kila asubuhi unafagiliwa ukawa mweupe pee na kila msimu mvua inauosha. (Sisemi watu waache kufagia, nyoka na nge wapo. Ila ujue uwanja uliofagiliwa ni kama bati: unamwaga maji yote.)

Punje zile ndogo zilizopasuliwa hazikomei kuruka. Zikitua zinaingia kwenye vitundu vya udongo na kuviziba. Mvua ikikata na jua likapiga, juu panafanya ukoko mwembamba wa milimita chache tu, mgumu, unaong'aa. Ukoko huo ndio kiini cha shida yote. Chini yake kunaweza kuwa na mita nzima ya udongo wenye kiu, lakini maji hayana pa kuingilia. Chukua jembe baada ya dhoruba ya kwanza, uchimbe palipokuwa pakitiririka maji: shubiri moja chini, vumbi. Mvua imenyesha, maji yamepita, na shamba halijanywa.

Hapo kuna tofauti ambayo huwa inachanganywa. Maji hutiririka juu ya ardhi kwa njia mbili. Ya kwanza ni pale udongo umeshiba, kama mabondeni mwezi Machi, hata manyunyu yanasimama. Ya pili ni pale mvua inashuka haraka kuliko udongo unavyoweza kumeza, ingawa udongo wenyewe ni mkavu. Ya pili ndiyo ya nchi kavu, na ndiyo ya Desemba yetu. Msitu ukikatwa, inayoongezeka kwa kasi ni hii ya pili, kwa sababu kasi ya kumeza ndiyo inayoporomoka.

Inaporomoka kiasi gani? Tanzania ina kipimo chake, tena cha zamani. Katika miaka ya 1930 mtafiti aliyeitwa Staples alitenga vipande vya ardhi Mpwapwa, Dodoma, kwenye mteremko mdogo wa takriban asilimia 6, mahali penye mvua ya milimita 570 kwa mwaka. Kipande kimoja kiliachwa kichaka, kingine nyasi, kingine kikalimwa nafaka, cha mwisho kikaachwa kitupu kabisa. Chini ya kila kipande maji na udongo vilikusanywa na kupimwa. Kwenye kichaka, maji yaliyotiririka yalikuwa asilimia 0.4 ya mvua, na udongo uliopotea haukufika hata kiwango cha kuhesabika. Kwenye nafaka, asilimia 26 ya mvua ilikimbia na tani 78 za udongo kwa hekta. Kwenye ardhi tupu, nusu ya mvua yote, asilimia 50.4, na tani 146 kwa hekta.

Ziweke namba hizo za ardhi tupu kwenye ekari moja. Nusu ya milimita 570 iliyokimbia ni zaidi ya lita milioni 1.1 za maji, matangi 230 ya lita 5,000, kutoka kwenye ekari ambayo miezi michache baadaye mwenyewe atalalamika kwamba jua limeunguza mahindi. Udongo ni tani kama 59, sawa na tipa sita za tani kumi. Ukiutandaza kwenye shamba lote ni unene wa sentimita moja hivi. Inasikika ndogo, mpaka ukumbuke kwamba mboji na rutuba karibu yote imekaa kwenye sentimita chache za juu, na kwamba asili haitengenezi sentimita moja ya udongo kwa mwaka, wala kwa miaka kumi.

Lakini namba ambayo mimi naiona ya maana kuliko zote ni ya kile kipande cha nyasi. Kilipoteza asilimia 1.9 tu ya mvua, na udongo hakikupoteza. Hakikuwa na mti hata mmoja, na kilifanya kazi karibu sawa na kichaka.

Maana yake, msitu unalinda udongo kwa kutumia kile kilicho chini ya miti: majani yaliyooza, nyasi, vijiti, mizizi midogo inayotambaa juu juu, na mchwa. Mchwa hawapewi haki yao. Wanakuja kula majani makavu na vijiti, na katika kuja na kwenda wanatoboa udongo mashimo yasiyohesabika ambayo maji ya mvua yanashukia. Ondoa takataka za majani, mchwa wanahama au wanapungua, na vitundu vinajiziba. Burkina Faso wakulima wanalijua hilo vizuri. Wanachimba vishimo kwenye ardhi iliyokufa, wanatia samadi na majani kabla ya mvua, mchwa wanakuja wenyewe kufungua ukoko.

Mti mrefu wenye ardhi tupu chini yake unaweza hata kudhuru. Maji yanayodondoka kutoka kwenye majani hukusanyika kwanza, kwa hiyo tone linaloachiwa na jani huwa kubwa kuliko tone la mvua. Likianguka kutoka mita nane au kumi, linakaribia kupata tena kasi yake yote. Mitiki ndiyo mfano unaojulikana zaidi: jani pana kama sahani, mti mrefu, na mara nyingi chini hakuna kinachoota au kilichoota kimeungua. Mashamba ya mitiki ya namna hiyo yamewahi kupimwa katika nchi kadhaa na kukutwa yanapoteza udongo vibaya. Kwa hiyo mtu akikuambia eneo fulani lina miti mingi, swali la kumuuliza ni chini yake kuna nini.

Swali hilo kwetu linaangukia kwenye mikorosho moja kwa moja. Mkorosho ungepaswa kuwa mlinzi mzuri. Haupukutishi majani yote kwa mara moja, kivuli chake kinafika karibu na ardhi, na matone yake hayaanguki kutoka juu sana. Tatizo ni kalenda. Korosho huokotwa chini, kuanzia Septemba au Oktoba kuendelea, na ili zionekane lazima chini pawe safi. Watu wanafyeka, wanapalilia kwa jembe, wanakusanya majani makavu na kuyachoma, pengine wanafagia kabisa kila shina. Kazi hiyo inafanyika kiangazi ili korosho zikianguka zikute chini pakavu na peupe. Ni wiki chache kabla ya ile mvua ya kwanza. Kama tungekaa kitako kupanga ni wakati gani mbaya zaidi wa kuivua ardhi nguo, tusingepata mwingine.

Nenda shamba la mikorosho ya zamani lililo kwenye mteremko, tuseme kwenye kingo za uwanda wa Makonde upande wa Newala. Angalia upande wa chini wa shina. Mizizi mikubwa imesimama hewani, unaweza kupitisha mkono chini yake. Upande wa juu wa shina kuna kilima kidogo cha mchanga uliokwama. Sogea pembeni utafute vijiwe vidogo au vipande vya ganda la korosho: baada ya dhoruba, kila kimoja kimekaa juu ya kijinguzo cha udongo, urefu wa nusu sentimita au zaidi. Kijiwe kimefanya kazi ya mwavuli, na urefu wa kijinguzo ndio unene wa udongo ulioondoka pembeni yake. Hicho ni kipimo cha bure.

Msitu wa miombo umejipanga vingine. Miti yake mingi huchipua majani mapya mwishoni mwa kiangazi, Septemba na Oktoba, yakiwa mekundu na rangi ya shaba, kabla tone la kwanza halijadondoka. Inatumia maji na akiba iliyowekwa chini na mizizi. Dhoruba ya Desemba ikifika, mwavuli umeshafunguliwa na zulia la majani ya mwaka uliopita liko chini, kama moto haukulila. Mahindi au ufuta kwa wakati huohuo bado ni mbegu mkononi. Zao la msimu linafunika ardhi vizuri Februari, wakati mvua nyingi za hatari zimeshapita juu ya udongo mtupu.

Ufuta unahitaji neno lake, kwa kuwa ndio unaokula msitu wa Lindi kwa sasa. Kilwa, Liwale, Ruangwa na Nachingwea wanalima ufuta mwingi, na kijadi unapenda shamba jipya lililofyekwa na kuchomwa. Mtu analima miaka miwili mitatu, magugu yanazidi na mazao yanapungua, anahamia pori jingine. Shamba la namna hii lilikuwa linavumilika wakati watu ni wachache na pori linarudi. Tena lina nafuu moja: ukifyeka kwa shoka na panga, visiki vinabaki. Miti ya miombo huchipua kutoka kwenye visiki na mizizi, na mizizi hiyo inaendelea kushika udongo hata wakati juu pameota ufuta. Kinachobadilisha mambo ni trekta linalong'oa visiki ili jembe lake lipite. Shamba la visiki likiachwa miaka mitano linakuwa kichaka. Lililong'olewa linakuwa nyasi za moto, na pori kurudi ni kazi ya miaka mingi.

Kusini imeshaona hili kwa ukubwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga, na Nachingwea ikawa mojawapo ya sehemu tatu zilizochaguliwa, pamoja na Kongwa na Urambo. Bandari ya Mtwara na reli ya kwenda Nachingwea vilijengwa kwa ajili yake. Matinga, na hata vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuwa matrekta, vilisukuma pori na mizizi yake. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umeachwa na pauni milioni 36 zimefutwa. Sababu za kushindwa ni nyingi, na Nachingwea haikuwa mbaya kama Kongwa, ambako udongo wenye mfinyanzi ukishavuliwa ulikauka kuwa mgumu kiasi kwamba karanga hazikung'oleka. Lakini kosa la mwanzo lilikuwa kudhani pori zito ni dalili ya udongo utakaobaki vilevile pori likiondoka.

Udongo wa huku kusini haufanani, na ndiyo maana ushauri mmoja hautoshi mikoa yote miwili. Juu ya uwanda wa Makonde, Tandahimba na Newala, kuna kichanga kirefu kinachomeza maji haraka mno. Ukitembea juu huko huoni mto. Maji yote yanazama, yanatokea chini mabondeni, na kwa vizazi kina mama wameshuka na kupanda mteremko na ndoo kwa sababu hiyo. Mradi wa maji wa Makonde uliojengwa miaka ya 1950 ulitokana na shida hiyohiyo, na hadi leo maji yanasukumwa kwa pampu kutoka bondeni Mitema kwenda juu. Kichanga kama hiki hakitiririshi maji kirahisi. Shida inaanza maji yanapokusanywa: paa la bati, uwanja wa shule, barabara, njia ya ng'ombe. Yakishakuwa mkondo, kichanga hakina kitu cha kujishikia, na korongo la kimo cha mtu linaweza kuchimbika katika msimu mmoja.

Masasi ni habari nyingine. Ile milima ya mawe inayosimama peke yake, mizuri kuitazama, ni jiwe tupu lisilomeza hata tone. Mvua yote inayoiangukia inashuka kwa pamoja na kuwapiga watu wa chini yake. Ukanda wa miti na vichaka kwenye nyayo za milima hiyo ndio breki pekee iliyopo, na ndio unaokatwa kwanza kwa sababu uko karibu na nyumba. Kwenye mbuga za udongo mweusi, kiangazi ardhi inapasuka nyufa, kwa hiyo mvua ya kwanza inazama humo vizuri. Nyufa zikifunga, maji yanasimama. Huko kutuama kunasumbua zaidi ya mmomonyoko.

Sasa kuna swali linaloulizwa kila kikao cha kijiji: tukikata msitu, maji yanaongezeka au yanapungua? Jibu la haraka la mabango ni kwamba yanapungua. Ukweli una pande mbili na zote zimepimwa.

Miti inakunywa. Inavuta maji kutoka chini sana na kuyatoa hewani kupitia majani, kiangazi chote. Ukiikata, maji hayo yanabaki ardhini. Mbeya, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 hadi miaka ya 1960, watafiti walilinganisha bonde dogo lenye msitu na jirani yake lililokuwa likilimwa. Lililolimwa lilitoa maji mengi zaidi mtoni, hata wakati wa kiangazi. Wapinzani wa hifadhi wangefurahi kuusikia mfano huo, ila wausikilize wote: udongo wa pale ni wa majivu ya volkano, unameza mvua hata ukiwa umelimwa, kwa hiyo karibu hakuna maji yaliyokimbia juu.

Chukua hali ya pili. Msitu umekatwa, ukoko umefunga, nusu ya mvua inakimbia kama ilivyokuwa Mpwapwa. Kwa mwaka mzima mto unapitisha maji mengi zaidi, lakini yote yanapita Desemba hadi Aprili, mekundu, kwa fujo. Yaliyopaswa kuzama ili yatoke kwenye chemchemi Agosti hayakuzama. Mizani iko hapo: ulichookoa kwa kuondoa miti inayokunywa, dhidi ya ulichopoteza kwa kufunga mlango wa maji kuingia. Kwenye udongo unaofunga kirahisi, hasara inazidi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 kutoka Burkina Faso ulikuta kwamba maji mengi zaidi yalizama chini mahali penye miti ya kiasi, iliyotawanyika, kuliko mahali patupu au palipofunikwa na miti mingi sana. Shamba lenye miti michache mikubwa iliyoachwa makusudi, kwa nchi yenye kiangazi kirefu, si uzembe wa mkulima.

Swali la pili la kikao, kama msitu wa kijiji unaita mvua, nalijibu kwa ufupi. Mvua ya kusini inatoka Bahari ya Hindi, inakuja na pepo za kaskazi na ule ukanda wa mawingu unaolifuata jua kwenda kusini. Misitu mikubwa ya eneo pana hurudisha unyevu hewani na kuchangia mvua, hilo lipo. Ekari mia mbili za msitu wa kijiji haziamui kama Desemba itanyesha.

Na kuna dhoruba ambazo msitu hauziwezi. Kimbunga kilipiga Lindi Aprili 1952. Januari 2020 Kilwa ilizama kwa mafuriko. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipofika, barabara ya Dar es Salaam kwenda Lindi ilikatika Somanga na kusini ikakaa bila njia yake fupi ya kwenda Dar. Katika mvua za namna hiyo udongo unashiba, chini ya msitu na nje yake, na baada ya hapo kila tone linakimbia. Kudai kwamba miti ingezuia mafuriko hayo ni kuibebesha mzigo usio wake. Inapunguza mafuriko madogo na ya kati, yale ya kila mwaka, na inapunguza matope ndani ya yale makubwa. Hata hivyo mzigo wa mvua kubwa unaelekea kuongezeka: hewa ikipata joto zaidi kwa nyuzi 1, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa takriban asilimia 7, na mvuke huo ukishuka unashuka kwa nguvu.

Udongo unaoondoka haupotei wote baharini. Sehemu kubwa inaishia mguuni mwa mteremko, kwenye shamba la jirani wa chini au bondeni. Wanaolima mpunga kando ya Ruvuma na Lukuledi wanajua tope laini la mafuriko ni mbolea. Mchanga ni kinyume chake: unafunika mpunga, unajaza malambo na visima vya mabondeni. Dodoma bwawa la Ikowa lilijengwa miaka ya 1950, na tope la mashamba yaliyolizunguka likalipunguza kwa kasi kuliko wahandisi walivyotarajia. Kila halmashauri ya kusini inayopanga lambo ingefaa iangalie kwanza mteremko unaolilisha, kabla ya kuangalia bei ya saruji.

Kuhusu tiba, nitasema wazi kwamba kuhesabu miche ni kipimo dhaifu. Siku ya kitaifa ya kupanda miti ni 1 Aprili. Kwa Lindi na Mtwara tarehe hiyo mvua inaaga, na mche utakaopandwa siku hiyo una wiki chache kabla ya miezi mitano bila maji. Upandaji wa huku ni wa Januari. Na hata ukishika, utachukua miaka kabla haujalinda chochote chini yake.

Cha haraka ni kufunika ardhi kabla ya Desemba. Kwenye mikorosho, fyeka usilime, na yale majani usiyachome: yasogeze kati ya mistari ya miti au yapange kwa ukanda kukata mteremko, uache peupe chini ya kivuli tu, ambako korosho zinaanguka. Kwenye mahindi, mabua yalale shambani. Hapo wafugaji na wakulima watagombana, maana mifugo imeongezeka Lindi tangu miaka ya 2000 na mabua ni malisho. Ni mjadala wa kijiji na hauishi kwa amri. Kwa moto, uchomaji wa mapema, Juni hadi Julai nyasi zikiwa bado na unyevu, unaacha mabaki na hauui vichipukizi kama ule wa Oktoba. Baadhi ya misitu ya vijiji Kilwa inatunzwa hivyo, na vijiji kama Kikole vimeuza mpingo wao wenyewe kutokana na msitu walioulinda. Pesa hiyo imewashawishi watu kuliko semina.

Kwenye mteremko mkali, jirani zetu Wamatengo wa Mbinga wana ngoro: nyasi zinalazwa kwa mistari inayokatana, udongo unafukiwa juu yake, na katikati ya kila mraba linabaki shimo linalokamata maji. Milima yao ni mikali kuliko yetu na wamelima hivyo kwa vizazi. Kwa miteremko ya wastani, matuta yanayokata mteremko yanatosha, mradi yawe sawa kimo. Tuta likiwa na sehemu moja ya chini, maji yote ya mstari yanapasukia hapo, na umetengeneza korongo kwa mkono wako. Weka vizuizi vidogo ndani ya mtaro kila hatua kadhaa ili maji yasikimbie pembeni.

Korongo likishakuwepo, watu wengi huanza kulijaza matawi na taka mdomoni, kule chini linakoonekana baya. Korongo hukua kuelekea juu. Kichwa chake, pale maji yanapoangukia ndani, ndipo panapobomoka kila mvua. Panda juu ya hapo utafute maji yanatoka wapi. Mara nyingi ni mtaro wa barabara uliomwagiwa shambani, au paa la jengo la umma lisilo na tangi. Kata mtaro huo uyatawanye maji kwenye nyasi sehemu tatu nne kabla hayajafika kwenye kichwa, na kwa mtaro wa barabara hilo unalifanya na mwenyekiti wa kijiji pamoja na mhandisi wa barabara. Baada ya hapo ndipo panda matete au nyasi ya vetiva kukizunguka kichwa, kisha ukishuka weka vizuizi vya mawe vifupi vilivyozama ubavuni pande zote mbili, vikiwa na bonde katikati ili maji yapite juu yake na yasizunguke kando.